Jiko la Pipa la Mzee Elzie

Ozella Pickett hakuwahi kushika gongo la besiboli maishani mwake, lakini ukimuuliza habari za uwanja wa Chuo cha Pinckney angekusimulia mpaka uombe kwenda zako. Alizaliwa ng'ambo ya reli, katika mji huohuo wa chuo, jimboni Mississippi, enzi ambazo jukwaa lilikuwa la mbao na mtu mweusi halikanyagi ila awe na ufagio mkononi. Baba yake, Mzee Elzie, alikuwa na ufagio huo. Akishamaliza kufagia, mechi ikikaribia kuanza, anatolewa nje pamoja na takataka zake.

Sasa mzee wa watu aliupenda mchezo, afanyeje? Aliegesha lori lake bovu nyuma ya uzio wa upande wa kulia, akapanda juu na watoto wake wawili, Ozella na Lonnie, wakatazama kutokea huko. Mechi za besiboli ni ndefu na watoto wana njaa, kwa hiyo akapasua pipa la mafuta katikati, akalichomelea miguu ya nondo, akaanza kuchoma mbavu za nguruwe. Moshi ukavuka uzio. Wanafunzi wa kizungu wakaacha viti vyao wakaja kunusanusa, na Mzee Elzie akawapa bure, tena zile nono. Ozella aliyebakiziwa ncha za mifupa alinuna siku hizo, na mpaka anazeeka hakumwelewa baba yake.

Sheria zilipobadilika, akina Pickett wangeweza kununua tiketi wakakae jukwaani kama watu wengine. Hawakwenda. Nyuma ya uzio palikuwa pao. Tena kufikia hapo wanafunzi nao walishaleta malori yao na majiko yao, upande wote wa kulia unafuka moshi, na magazeti yanasifia desturi ya chuo. Desturi ya chuo, eti! Jukwaa la mbao likavunjwa, likajengwa la zege, baadaye zikaja taa, baadaye skrini kubwa kama ukuta wa kanisa. Kila wakikarabati, uzio unasogezwa, akina Pickett wanasukumwa, na mafundi wakiondoka wanarudi na pipa lao.

Hapo ndipo Ozella alipompata mumewe, Amos, aliyekuja kuomba mchuzi wa pilipili na hakuondoka tena. Siku za kazi Ozella alikuwa dobi wa chuo, anasugua tope kwenye suruali za wachezaji mpaka mgongo ukagoma. Alipomzika Amos, nyumba ilimshinda kwa ukimya, na pale nyuma ya uzio ndipo pekee alipoweza kukaa akajisikia mtu. Kisha akasikia kwamba safari hii malori yote yanafukuzwa, na mahali pake panajengwa roshani za vivuli kwa ajili ya wafadhili wakubwa.

Ndipo alipokuja Brent Ashmore, mkuu wa michezo wa chuo, kijana wa meno meupe. Alikaa jikoni kwa Ozella, akala pai ya pichi, akaongeza, huku akimvika bibi wa watu kilemba cha ukoka. Wewe ndiye historia yetu, Bi Ozella, bila nyinyi kusingekuwa na kitu. Alichotaka ni lile jiko la pipa, liwekwe ukumbini, watu walione. Ozella akamuuliza nafasi yake ya kukaa itakuwaje.

"Maadamu uko hai, kiti chako kiko palepale kwenye uzio," Ashmore akasema. "Nakupa neno langu."

Wakapeana mikono. Lonnie alimwambia dada yake aitake ahadi hiyo kwa maandishi, naye akamjia juu. Kwao, mtu aliyekula mezani pako akakupa mkono humdai karatasi, unamtukana. Jamani, hivyo ndivyo walivyolelewa, na hivyo ndivyo walivyoliwa.

Siku ya ufunguzi Ozella alivaa kofia yake ya kanisani, akabeba sahani ya mbavu alizooka usiku. Ukumbini akaliona pipa la baba yake ndani ya kioo. Lilikuwa limekwanguliwa masizi yote na kupakwa rangi nyekundu ya chuo. Kibao chake kilisema: Jiko la wanafunzi wetu wa zamani, walioanzisha desturi ya kuchoma nyama nje ya uzio. Alikisoma, akakirudia, akazunguka nyuma ya kioo kutafuta jina la Elzie Pickett. Halikuwepo.

Kwenye ngazi za roshani, mlinzi akamzuia kwa kuwa hana utepe wa mkononi. Ashmore akaitwa, akaja anatabasamu. Kamati ya wafadhili imegawa viti vyote, alisema, jambo lilimzidi nguvu.

"Lakini kule nje kwenye maegesho ukuta una uwazi," akaongeza. "Ukisimama pale unaona uwanja vizuri tu."

"Unajua nani alisimama pale kabla yangu?"

Hakujua. Wala hakuwa akimkejeli, na hilo lilimchoma Ozella kuliko kejeli.

"Basi nirudishieni jiko langu."

"Limeshakuwa mali ya chuo, Bi Ozella."

Nje, Lonnie alikuwa akimsubiri ndani ya gari. Alimtazama dada yake usoni, na la karatasi hakuligusa. "Twende nyumbani, dada," akasema tu.

Ozella akakataa, maana mpira wa kwanza ulikuwa karibu kurushwa. Aliichukia nafsi yake kwa hilo, aliichukia kabisa, lakini miguu ikampeleka kwenye ule uwazi, akasimama na sahani yake mkononi. Akaona kipande cha nyasi na mgongo wa mchezaji mmoja.

Mwanafunzi mmoja mwenye utepe alikuwa anapita kuelekea lango la roshani. Harufu ikamsimamisha.

"Mama, sahani bei gani?"

Ozella aligeuka akamwangalia. Alikuwa kijana mpole, uso hauna baya lolote.

"Siuzi, mwanangu," akamwambia. "Sisi tuligawa bure. Ndiyo maana unaniona huku nje."

Kijana akaomba radhi bila kujua anaombea nini, akaenda zake lango likafunguliwa.