Jogoo wa Mlingoti

Miaka ile ya mashamba ya karanga, baba yangu mdogo alilinda mlingoti wa redio kambini Nachingwea. Ulikuwa mrefu kiasi kwamba asubuhi mawingu yalionekana kujikwaa juu yake. Chini yake alikuwa na kibanda cha bati, na Ruangwa alikuwa na mchumba. Tatizo ni kwamba Ruangwa walishasikia kwamba redio humkausha mwanamume.

Siku ya posa, shangazi wa binti alimgeukia baba yangu, aliyempelekea posa mdogo wake. "Maneno ya redio yanapita wapi kwa mlinzi?"

"Juu ya kichwa, mama."

"Kichwa hatukihitaji sana. Tunauliza chini."

Basi shangazi akaleta jogoo wake na matetea, wakae kibandani. Vifaranga vikitoka, mahari itapokelewa. Mayai yakiwa viza, posa imekwisha.

Baba mdogo, ambaye hakuwa mtu wa ibada, akaanza kuiombea ndoa ya kuku. Alimlisha jogoo mtama na kumnong'oneza, "Jitahidi, kaka, mimi nipo nyuma yako."

Asubuhi moja jogoo alipanda batini, akaudonoa waya uliotoka mlingotini, wakati fundi wa redio mle kibandani ndiyo kwanza anaanza kuongea na Lindi. Akaanguka chini, mdomo umeungua, ananuka kama nyama iliyosahaulika jikoni.

Fundi akatoka anacheka, akamwambia baba mdogo, "Ndiyo maana nakwambia usiuguse waya ninapoongea. Unachoma bila moto. Ukikaa mbali nao, haukujui."

Jogoo alinuna kama padri aliyekuta kanisa tupu. Matetea walipita mbele yake, hakuinua jicho. Baba mdogo akaacha kula. Halafu siku moja, mdomo ukiwa bado na kovu, jogoo akakumbuka kazi yake, tena kwa bidii iliyowatia aibu wapita njia.

Tetea aliatamia. Shangazi alifika vifaranga vikiwa vimeshatoka, vinakimbia kila upande. Hakutabasamu. Alimshika jogoo, akautazama mdomo mweusi.

"Na huyu?"

"Aligusa waya, mama," baba mdogo alisema. "Madhara yako kwenye kugusa."

"Wewe huwa unaugusa?"

"Hapana, mama."

"Na nguo zako unaanika wapi?"

Baba mdogo akatazama pembeni. Waya ule ulikuwa umenyooka vizuri, na jua lake zuri.

"Mahari tutapokea," alisema shangazi. "Lakini suruali zianikwe kwenye miti, kama za watu wengine."