Mpunga wa Mama Haraka na maji ya jirani

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na Mama Haraka yuko ndani ya jaruba lake, mundu mkononi, akikata mpunga ambao ungehitaji kukaa juani siku chache zaidi. Anakata ukanda mmoja tu, ukingoni. Nyuma yake, palipokatwa, mumewe anachimba mtaro wa kupitisha maji pembeni. Mlango wa mfereji mkuu unafunguliwa asubuhi hii.

Jina hilo la utani amelipata kwa sababu ya mbegu. Msimu huu alipanda mpya, fupi, inayokomaa mapema. Bwana shamba alimwambia anaweza kupata magunia ishirini pale alipozoea kumi na mawili. Imezaa kweli, masuke yameinama.

Walichosahau wote, bwana shamba akiwemo, ni njia ya maji. Hapa maji hupita jaruba hadi jaruba. Mpunga wa Mama Haraka umeiva na unataka ukavu. Wa wifi yake, anayefuata chini, unachanua na una kiu.

"Yakiingia humu, mpunga unalala, punje zinaota kwenye suke," anasema bila kuinua macho. "Yasipopita, wifi anavuna mapepe, maganda matupu."

Wifi yake amesimama tutani, mikono kiunoni.

"Una haraka, wewe. Hata siku ya kuolewa ulifika kwetu wapishi hawajawasha moto."

"Utanitania baadaye, wifi. Shika jembe."

Anashika. Hawajamaliza, maji yanafika, ya rangi ya udongo, yanaingia kwenye mtaro mpya na kusukuma. Tuta linatoboka upande wa mpunga. Mama Haraka anasindilia tope, linazolewa. Anasindilia mafungu ya mpunga aliokata, nayo yanazolewa.

Wifi anatupa jembe na kukaa juu ya tundu, na gauni lake.

Maji yanasita, kisha yanageuka kuelekea shambani kwake.

Mume wa Mama Haraka anashindilia udongo kwenye tuta kwa nguvu. Hakuna anayecheka bado. Mama Haraka anasema msimu ujao anataka mstari wao wote upande mbegu hii kwa wakati mmoja, maji yaje kwa wote na yaondoke kwa wote. Ameshaanza kuzungumza na mgawa maji.

"Nitengee debe moja la mbegu," anasema wifi kutoka kwenye tope.

"Nitakupa mawili. Lakini usiinuke kwanza."