Theluji Rangi ya Chai

Harufu ya moshi wa kuni za mkaratusi hunirudisha Vudee, jikoni kwa mama, masika yale nilipokuwa na miaka kumi. Ukungu ulishuka kutoka msituni ukalala juu ya migomba, nguo zikawa hazikauki. Sebuleni kulikuwa na picha ya rangi ambayo mama aliachiwa na muuguzi mmoja Mzungu ambaye mama alikuwa akimfulia nguo. Ilionyesha milima ya kwao: vilele vyeupe kwa theluji, ziwa la buluu chini yake, na kijumba cha mbao mteremkoni. Mama akitoka kwenye kahawa, hata kabla ya kunawa miguu, aliketi mbele yake na uso wake ukalainika. Alisema watu wa kule nao wanalima mteremko kama sisi, ila Mungu hakuwanyima cha kutazama.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye mkonge, huko tambarare. Mama aliposhuka Same kumuuguza dada yake, alituacha na bibi, mzaa baba, akanikabidhi picha ile, maana mchwa walikwisha ingia ukutani. Nilifikiri kama mtoto wa mkulima. Mahindi ya mbegu tuliyaweka darini, juu ya mafiga, moshi uyakinge na wadudu. Basi nikapanda ngazi, nikaitundika picha hapo hapo. Nilipoiteremsha baada ya wiki tatu, theluji yote ilikuwa rangi ya chai. Nikaisugua kwa sabuni, ziwa likafutika.

Mama aliporudi aliishika picha kwa mikono miwili, akauliza nani aliyeipandisha darini. Nikasema ni bibi. Bibi alikuwa akimenya ndizi. Alinitazama kidogo, akaendelea kumenya.

“Nisamehe, mwanangu,” akamwambia mama. “Ni uzee huu.”

Mama alichukua jembe akaenda shambani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu: bibi alizikwa, nikamaliza sekondari, nikaoa, nikawa na mvi, ndipo nikamwambia mama ukweli. Alicheka mpaka akakohoa.

“Bibi yako, na goti lile, angepandaje ngazi? Nilijua siku ile ile. Naye alijua kwamba najua.”

Nikamwuliza mbona hakunichapa.

“Ningekuchapa, ningemfanya mama mkwe wangu mwongo mbele ya mtoto. Tulikuwa tunakungoja useme mwenyewe.”

Siku hizi wajukuu hunionyesha kwenye simu picha za milima ya theluji, myeupe kuliko ile ya mama. Nikitaka kutazama vizuri, kidole chao kimekwisha isukuma picha. Nawaambia wangoje kidogo, nao hunijibu, “Babu, zipo nyingi.” Ni kweli, zipo nyingi. Lakini bibi nilikuwa naye mmoja, naye amelala pale juu ya shamba la kahawa bila kulisikia neno alilolingoja kwangu.