Taa Nilizomnunulia Mama

Mama alihamia kwangu Bagamoyo baada ya baba kufariki. Walikuwa wakiishi Ubena, wakilima, na alipokuja hakuleta vitu vingi: nguo zake, msala wake, na furushi la miyaa ya kusukia mikeka, aliyokwisha kuitia rangi. Nyumba yangu ni ndogo, vyumba viwili na sebule, na nilikuwa nimebaki peke yangu tangu watoto waoe na kuolewa. Nikampa chumba cha mbele, chenye dirisha la barazani. Mama ni msukaji wa mikeka tangu usichana wake, nikataka apate upepo na watu wa kusalimiana nao.

Hazikupita siku nyingi akaanza kulalamikia taa. Jioni moja, baada ya kuswali magharibi, alikaa kitako kusuka ukili, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka, kisha akaniita.

"Mwanangu, mbona hujawasha taa?"

"Taa inawaka, mama."

Akainua uso, akatazama darini. "Aa! Kumbe. Basi taa gani hii, kiza kitupu."

Nilimwamini. Taa yenyewe ilikuwa globu ya zamani, imejaa mavi ya inzi, inakula umeme na kutoa joto zaidi ya mwanga. Nikaona haya. Asubuhi nikaenda duka la vifaa vya umeme, la mzee mmoja mwenye asili ya Omani ambaye mtaa mzima tumemzoea.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wote wazima?"

Nilipomweleza shida yangu alitikisa kichwa. "Achana na hizo globu. Siku hizi ni LED. Haichemki, na umeme inaula kidogo kidogo." Akaniuliza kama holda yangu ni ya pini au ya kuzungusha, chumba kina ukubwa gani, na humo ndani kunafanyika kazi gani.

"Mama anasuka mikeka."

"Basi chukua yenye mwanga mweupe." Akaichomeka pale pale kwenye kaunta kunionyesha. Nikafumba macho kwa ukali wake, nikafurahi.

Jioni ile chumba kikawa cheupe kama wodi. Mama akajikinga uso kwa kiganja. "Inanichoma. Halafu naona duara za rangi zinaizunguka, kama taa imefungwa kilemba." Nikairudisha. Mzee akanibadilishia, akanipa ya mwanga wa manjano. Hiyo mama aliisifu. Laini, alisema, haimuumizi, ila haifiki pembeni. Nikamleta fundi akashusha waya, taa ikaning'inia karibu na kichwa cha mama. Bado haikufika pembeni. Nikanunua ya pili, nikaiweka ukutani. Nikanunua nyingine yenye kifuniko cha rangi ya maziwa, kwa sababu mzee aliniambia hiyo hutawanya mwanga. Kila jioni nilisimama mlangoni nikimwuliza, "Je, leo?" Naye alisema, "Leo afadhali." Kesho yake ikawa vile vile.

Wakati huo alikuwa akishona mkeka wa harusi ya mjukuu wake, mtoto wa kaka yangu; mkeka wa zambarau na kijani. Asubuhi moja niliutandaza barazani kuutazama. Kijani ilikuwa imeingia mahali pa zambarau, mara imerudi, mara imepotea kabisa. Mama hajawahi kukosea rangi maishani mwake. Nikaukunja haraka, nikaurudisha ndani, nikaenda tena dukani.

Mzee wa duka hakushangaa. Alichukua vitambaa viwili, kimoja cha kijani iliyoiva na kimoja cheusi, akaviweka chini ya balbu ya bei rahisi. Hata mimi nilibabaika kuvitenganisha. Akabadilisha balbu, na kijani ikajitokeza. "Unaona? Zipo zinazoharibu rangi, na zipo zinazoionyesha kama ilivyo juani. Mama yako hana kosa." Nikarudi nyumbani nimeishika balbu ile kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa dawa.

Siku hiyo hiyo mchana mama alikaa barazani, jua limesimama kati. Jirani yetu, mke wa mwenye bucha, alikuja na sahani ya mihogo ya nazi. Alitokea upande wa kushoto, akapita kando ya ukuta kwenye mwanga mtupu, akasimama karibu kabisa na mama. "Shikamoo, bibi." Mama akaruka kwa kushtuka, mkono ukaipiga sahani, mihogo ikamwagika.

"Umetokea wapi wewe?" aliuliza, huku anamtafuta.

Jirani akanitazama. Mimi nikatazama jua lilivyojaa barazani, na sikujua niende duka gani.

Tulikwenda hospitali Dar es Salaam. Daktari wa macho alikuwa dada mpole. Alimpima mama kwa muda mrefu, kisha akatukalisha wote wawili.

"Bibi, hii ni presha ya macho. Mshipa wa jicho la kushoto umekwisha kufa. La kulia limebaki kuona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nitakupa dawa ya matone ilinde hicho kilichobaki."

"Na kilichopotea?" nikauliza mimi.

"Hakirudi, mama," akanijibu.

Nilijua jibu limekwisha tolewa, lakini mdomo haukunyamaza. "Na taa je, daktari? Nimwekee taa gani?"

Hakunicheka. Aliniambia nitafute mwanga usiochoma, ulioenea sawasawa, pasiwe na kona za giza, na nisihamishe hamishe vitu ndani. "Hayo yatamsaidia asijigonge," alisema. "Kuona ni jambo jingine."

Tukakaa kwenye benchi kusubiri dawa. Mama alikuwa ametulia kuliko mimi.

"La kushoto lilizima tangu Ubena," alisema. "Baba yako alijua."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia ungefanya nini? Ulikuwa ukirudi kutoka dukani na balbu yako unafurahi. Nikasema, mwache mtoto anihudumie."

Nilitaka kumwambia kwamba matone yangeanza mapema, kwamba pengine jicho la kulia lingesalimika zaidi. Mtu mzima ameshapoteza jicho, umkaripie kwa lipi? Nikamshika mkono, jina lake likaitwa dirishani, tukaenda kuchukua dawa.

Mkeka wa harusi haukuisha. Mimi sikujifunza kusuka nikiwa mdogo, na mama hakutaka mtu mwingine aumalizie. Nilinunua mwingine sokoni. Aliupapasa kabla hatujaufunga, akasema, "Ukili wake mlegevu," akanirudishia.

Nyumbani nimefanya kama daktari alivyosema. Kila chumba kina taa ya manjano yenye kifuniko cha maziwa, na ile ya njia ya chooni inawaka tangu magharibi hadi alfajiri. Umeme inaula kidogo, mzee wa duka alisema kweli. Matone namtia mwenyewe. Dawa ikikosekana hapa naifuata Dar. Hata hivyo kila tukirudi kupima, daktari husema duara la jicho la kulia limepungua tena kidogo.

Mama sasa anasuka miyaa isiyotiwa rangi, kwa vidole tu. Majuzi usiku nilimuuliza kama taa ya njia ya chooni anaiona.

"Naiona, mwanangu," akajibu upesi, uso ameuelekeza mlangoni, nilikozoea kusimama nikimuuliza. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani.