Kikapu cha Vitamini

Mama mkwe wangu anauza vitamini. Huvuka daraja la mpakani kutoka kwetu Kamembe hadi Bukavu na kurudi na chupa anazowauzia wanawake wa kanisani kwa bei ya ndugu, yaani bei ileile pamoja na maombi.

Nilipomwambia nina mimba, alifurahi kweli, kisha akaulizia kidonge changu. Nilikuwa nakimeza tangu nilipougua akili miaka michache nyuma, na ndicho kilichonirudishia usingizi.

"Dawa ya kichwa itaharibu mutoto," alisema. "Utaacha leo. Mimi nitakupatia bitu bya nguvu."

Dawa ikaenda chooni. Mezani zikajaa mafuta ya ini la samaki, vidonge vya wajawazito, poda ya kuongeza damu. Hizo si dawa, alinieleza, kwa hiyo haziwezi kudhuru. Nami, msomi wa nyumba, nikaitikia na kumeza.

Usingizi ndio uliotangulia kuniaga. Kisha nikawa nalia nikisafisha sambaza, wale dagaa wa ziwani, na baadaye nikaamini kabisa kwamba mtoto amekufa tumboni na watu wananificha. Niliogopa mno. Mama mkwe alinionea huruma, akaongeza chupa.

Mume wangu akatupeleka kwa daktari wangu, aliyeagiza tulete kila ninachomeza. Mama alibeba kikapu kwa fahari, akidhani amepata mteja. Daktari alisoma vibandiko, akatenga chupa tatu. Zote zina vitamini A ileile, alisema, na ikizidi inaweza kumlemaza mtoto.

"Na kidonge nilichokuandikia?"

"Tulikitupa, Dokta," Mama akajibu. "Juu ya kulinda mutoto."

Kidonge kile, daktari alisema, alikichagua akijua naweza kupata mimba, na kukiacha ghafla ndiko kulikoniangusha. Akanianzishia upya, chini ya macho yake.

Njiani kurudi, Mama alikificha kikapu chini ya kitenge chake. Tangu hapo yeye ndiye anayeniletea kidonge pamoja na chai. Wanawake wa kanisani wakiuliza, huwaambia ni vitamini ya pekee, haiuzwi.

Siku mtoto alipocheza tumboni, nilimwita aje aguse. Alikuja mbio, mkono ameunyoosha, halafu akausimamisha.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, Maman."

Ndipo akauweka, akaanza kulia.