Kuni za Kumkanda Winfrida

Eufrazia, jirani yangu hapa Matombo, ni mbishi. Ubishi wake ungekuwa ndizi, angejaza lori. Binti yake Winfrida, aliyeolewa Dumila, alipopata mimba ya kwanza, mama akaanza kukusanya kuni za uzazi. Mzazi akirudi kwao hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na maji hayo hayachemki kwa mabua.

Akaleta magogo ya mfenesi na mzambarau, akayapandisha kwenye uchaga wa jikoni, ile dari ya fito juu ya mafiga iliyojengwa na marehemu mumewe. Fito zenyewe zimeliwa na wadudu.

"Dada, huo utakuangukia," nilimwambia.

"Lete nguzo, Bonifasi. Maneno niachie mimi."

Nikamchongea nguzo mbili za kuutegemeza, nikamwonyesha upangaji: magogo mazito pembeni, penye nguzo, vijiti katikati. Alizipanga upya kuni zote huku akiimba. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Winfrida alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukata. Akafariki. Waliletwa pamoja, yeye kwenye jeneza, kichanga chake cha kike kwenye khanga.

Msibani wanawake wakanyoosha mikono uchagani wapate kuni za kuwapikia waombolezaji. Eufrazia akawazuia.

"Hizo ni za uzazi. Za msiba ziko porini."

Hakuna aliyembishia. Tulichukua mashoka tukaenda.

Sasa mjukuu ameanza kucheka. Juzi alikuwa akiogeshwa jikoni, uchaga ukalia, unga wa fito ukamwagika ndani ya beseni. Nilikuwepo, na hasira zikanipanda.

"Dada, shusha hizo kuni. Unamwekea nani? Zitaanguka, tumpoteze na huyu."

Safari hii hakubisha. Alinipa mtoto, akapanda juu ya kinu, akaanza kuzishusha moja moja. Nilitaka kumsaidia, akakataa kwa kichwa. Alianza na vijiti vya katikati, kisha magogo ya pembeni, vilevile nilivyomfundisha kuzipanga. Rundo likajaa uani hadi mlangoni, na yeye akakaa chini kando yake, mikono imejaa masizi. Ndipo akalia, kilio ambacho hata makaburini hakukitoa.

"Huyu mtoto maji yake ni sufuria moja tu, Bonifasi," alisema. "Hizi zote nilimwekea mama yake. Nizipeleke wapi?"