Nilimtandikia Kitanda Mgeni wa Mume Wangu

Admin, nifiche jina. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, naishi Zombe, huku Kitui, kwa shamba nililoachiwa na wazazi wangu. Sijawahi kueleza watu nisiowajua mambo yangu. Mpwa wangu ndiye ananiandikia kwa simu yake, na ameniambia nisilie ndio aweze kumaliza.

Niliolewa Tawa nikiwa bado msichana. Mume wangu alikuwa anauza spea za magari Makindu, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Tulijaliwa mtoto mmoja, msichana, nitamwita Mwende. Baada yake mimba mbili zilitoka, na kutoka hapo mama mkwe akaacha kuniita kwa jina. Akitaka kunituma alisema tu, "Huyu yuko wapi?"

Krismasi ninayowaambia ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mwende akiwa na miaka minne. Siku moja kabla, mama mkwe aliniita Mama Mwende. Nilishangaa. Akanipa unga wa ngano, sukari, mayai na siagi ya mkebe. "Baba Mwende anakuja na mgeni wa kazini, mtu wa maana. Upike keki. Na usafishe chumba chenu, mgeni atalala huko. Usituaibishe."

Jameni, nilifurahi. Nilijua kuoka keki kwa sufuria, kina mama wa kanisa walikuwa wamenifunza. Nikajiambia mgeni akipendezwa, huyu mama ataanza kuniona kama mtu. Niliamka mapema, nikateka maji, nikafagia boma lote, nikafua mashuka yangu ya harusi na kuyapiga pasi ya makaa. Nikatandika kile kitanda vizuri kuliko siku yoyote.

Saa sita pickup ikaingia. Mume wangu alishuka na televisheni, deki ya video, na mwanamke wa gauni la manjano, tumbo limeanza kuonekana. Nilimsalimia kwa mikono miwili, nikamwita dada. Nilimbebea mkoba mpaka chumbani, nikamletea maji ya kunawa.

Televisheni iliunganishwa na betri ya gari pale sebuleni. Ilikuwa filamu ya kuzaliwa kwa Yesu, na majirani walijaa mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilikuwa jikoni na keki yangu, mchanga chini ya sufuria, makaa juu ya kifuniko. Nilipofungua mlango nichungulie kidogo, nilimwona Mwende amekalia mapaja ya mgeni, anakula biskuti. Mama mkwe akasema bila kugeuka, "Funga mlango, moshi inaingia."

Wifi yangu alikuja kuchukua vikombe. Nikamwuliza huyo dada anafanya kazi gani na mume wangu. Aliniangalia, akacheka kidogo.

"Kweli hawajakuambia? Huyo ndiye amebeba kijana wetu. Hiyo keki ni ya kumkaribisha." Alipofika mlangoni akaongeza, "Uangalie isiungue."

Niliingia sebuleni na unga mikononi. Nikasimama nyuma ya kiti cha mume wangu, nikamnong'oneza, "Baba Mwende, ni kweli?"

Macho yake hayakutoka kwa televisheni. "Wacha filamu iishe."

Na mimi nikangoja. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. Nilisimama pale kama mtumishi, huku Yusufu na Mariamu wakizunguka wakitafuta mahali pa kulala, na majirani niliowahi kuwauguza wakikazia macho hiyo filamu ili wasiniangalie mimi.

Ilipoisha, alisimama akajinyoosha. "Utalala jikoni. Chumba nimempa huyu, kwa hali yake hawezi kulala chini. Sasa lete keki."

"Na unawe mikono kwanza," mama mkwe akasema.

Nilinawa. Nikaileta, nikaikata, nikawagawia wote. Ilikuwa imeiva vizuri. Yule mwanamke alikula bila kuinua macho.

Baada ya siku mbili nilifunga nguo zangu kwa leso, nikamshika Mwende mkono. Mama mkwe alikuwa amesimama kwa njia. "Mbuzi zote za mahari zilifika kwenu. Mtoto ni wa huku. Wewe unaweza kwenda." Akaufungua mkono wa mtoto wangu kutoka kwa wangu, kidole kwa kidole. Mara ya kwanza niliporudi kumwona, Mwende alilia akitaka kunifuata. Mara ya tatu alijificha nyuma ya gauni la yule mwanamke. Sikurudi tena, na sikuolewa tena.

Alipokuwa mtu mzima alinitafuta mwenyewe, akaja na mtoto wake mgongoni. Tangu hapo tunaongea kwa simu. Nilisema Mungu amenikumbuka.

Mwezi uliopita alinipigia kusema yeye na baba ya watoto wake wataenda kanisani kubariki ndoa yao. Nikamwuliza kina mama tunashona kitambaa cha rangi gani.

"Mama, usikasirike. Kwa kina mume wangu wanajua mama yangu ni mmoja, yule alinilea. Mum ndiye atakaa mbele. Wewe nimekuweka na mashangazi. Mtu akikuuliza, sema wewe ni shangazi wa Kitui."

"Na wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mimi hata sikumbuki kuishi na wewe." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyechoka na kazi ya siku.

Dada yangu anasema niende, nikae, nipige makofi, nirudi. Pasta anasema nikae nyumbani nisivuruge siku ya watu. Nimeshashona nguo ya kijani, iko hapa ukutani. Nyinyi mliozaa, na nyinyi mliolelewa na mwingine, nishaurini. Nikienda, na mtu aniulize mimi ni nani kwa bibi harusi, nimjibu nini?